Nani Ameigusa Picha Njiani?

Mabibi na mabwana, ndugu zangu, asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumzie shida ambayo wengi wenu mnaijua vizuri. Umenunua televisheni kubwa, filamu zinaonekana safi kabisa, lakini siku unapochomeka kompyuta, mambo yanaharibika. Herufi zina ukungu. Kingo za picha zimekatwa. Rangi imepauka. Unajaribu kusoma ukurasa mmoja wa maandishi, na kabla hujaumaliza macho yanauma. Wapo kati yenu waliokwisha kununua waya mpya, tena wa bei ghali. Wapo walioambiwa kwamba dawa yake ni televisheni nyingine.

Naomba msinunue kitu kwanza.

Picha inapotoka kwenye kompyuta huwa imekamilika. Kompyuta imeshaamua kila nukta iwe na rangi gani, na haijabahatisha popote. Ikifika kwenye kioo ikiwa mbovu, basi kuna aliyeigusa njiani: ameivuta, ameibana, ameikata au ameipunguzia rangi. Mara nyingi aliyeigusa ni televisheni yenyewe, kwa sababu inadhani imeletewa filamu. Kazi yetu ni kumtafuta huyo aliyeigusa na kumzuia.

Tuanze na nukta zenyewe, yaani pikseli. Kioo cha televisheni kina idadi yake maalumu ya pikseli, na idadi hiyo haibadiliki hata ubonyeze kitufe gani. Televisheni inayoitwa Full HD ina pikseli 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu, yaani zaidi ya milioni 2. Ya 4K ina 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni 8. Kuna na zile ndogo, nyingi zikiwa na maandishi HD Ready kwenye boksi, ambazo kioo chake ni 1366 kwa 768. Picha huwa kali pale tu ambapo pikseli moja iliyotoka kwenye kompyuta inakaa juu ya pikseli moja ya kioo. Moja kwa moja. Idadi zikipishana, lazima mtu apige hesabu ya kuzilinganisha, na hesabu hiyo ndiyo inayoleta ukungu.

Chukua karatasi ya miraba yenye miraba 10 kwa upana, uchore mstari mweusi unaojaza mraba mmoja tu. Sasa uhamishie mchoro huo kwenye karatasi ya upana uleule lakini yenye miraba 14. Mstari wako utajaza mraba mmoja na nusu hivi. Nusu ya mraba huwezi kuipaka nyeusi, kwa hiyo unaipaka kijivu. Herufi ndogo imejengwa kwa mistari ya upana wa pikseli moja au mbili, na kila mstari ukishapata kijivu pembeni, herufi nzima imepoteza kingo zake. Sura ya mtu kwenye filamu haina mistari myembamba hivyo, ndiyo maana filamu inaonekana nzuri kwenye televisheni ileile inayokutesa ukisoma.

Sasa, nani wa kwanza kushukiwa? Ni laptopu yako, au tuseme namna ulivyoiambia ifanye kazi. Ukichomeka waya, mara nyingi Windows inaonyesha picha ileile sehemu mbili, kwenye kioo cha laptopu na kwenye televisheni. Vioo viwili vyenye pikseli tofauti vinalazimishwa kukubaliana, na anayeshinda huwa mdogo. Laptopu ya 1366 kwa 768 inaiburuza televisheni ya Full HD hadi kwenye kiwango chake, halafu televisheni inavuta picha hiyo ijaze kioo chote. Hesabu ile ya miraba, ndiyo hiyo.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P. Zinatokea chaguo nne. Chagua ile inayotuma picha kwenye kioo cha pili peke yake, au ile inayopanua eneo la kazi ili kila kioo kiwe na lake. Kisha ingia kwenye mipangilio ya skrini, hakikisha unaishughulikia televisheni na si kioo cha laptopu, na uweke idadi ya pikseli iliyo sawasawa na ya kioo cha televisheni. Hapohapo, kwenye mipangilio ya juu zaidi ya skrini, Windows inakuonyesha takwimu mbili: ukubwa wa eneo la kazi na ukubwa wa picha inayotumwa kweli kwenye waya. Watu wengi hawajawahi kuzitazama. Zikiwa tofauti, umeshamkamata mmoja: kadi ya picha ndani ya kompyuta inavuta picha kabla haijatoka.

Wengi shida yao inaishia hapo. Isipoishia hapo, tunahamia kwenye televisheni, na huko mshukiwa mkuu ni ukataji wa kingo. Jambo hili naomba tulikalie kidogo, kwa sababu linawapotosha hata mafundi.

Televisheni za zamani, zile za kichogo, zilichora picha kwa mwale wa elektroni ndani ya chupa ya kioo. Kingo za picha hazikuwa thabiti. Umeme ukishuka, au chupa ikizeeka, picha ilisinyaa kidogo na ukingo mweusi ukajitokeza. Watengenezaji wakaamua kuikuza picha ipite fremu, ili mtazamaji asiione kasoro hiyo, na vituo vya matangazo navyo vikazoea kuweka maandishi yao mbali na kingo. Vioo bapa vya leo havina udhaifu huo hata kidogo, lakini desturi imebaki. Televisheni nyingi bado zinakata kingo na kukuza sehemu ya katikati, kila zinapopokea picha kwa HDMI, yaani ule waya wa kawaida wa kuunganishia vifaa na televisheni.

Tazameni kioo hiki kilicho nyuma yangu. Nimekiunganisha na laptopu hii na nimekiacha kama kilivyotoka kiwandani. Upau wa chini wa Windows unaonekana nusu, na saa imekatwa upande wa kulia. Televisheni ikikata asilimia 2.5 kila upande, zimepotea pikseli 48 kushoto, 48 kulia, 27 juu na 27 chini. Kilichobaki ni 1824 kwa 1026, na hicho ndicho kinachovutwa kijaze 1920 kwa 1080. Kwa hiyo madhara ni mawili: umepoteza kingo, na kila kilichobaki kimeingiwa na ukungu, ingawa kompyuta imetuma picha sahihi kabisa.

Sasa sikilizeni jinsi watu wanavyojaribu kulitatua. Wanaona kingo zimekatwa, wanafungua programu ya kadi ya picha kwenye kompyuta, wanakuta kitelezi cha kupunguza ukubwa, wanakivuta hadi upau wa chini uonekane wote. Wanafurahi. Lakini tazama kilichotokea: kompyuta imeibana picha, kisha televisheni imeivuta tena. Picha imeguswa mara mbili. Kingo zimerudi, herufi zimezidi kuharibika, na mtu anaapa kwamba televisheni ni mbovu. Kitelezi hicho kirudishwe kwenye sifuri, halafu dawa itafutwe kwenye rimoti ya televisheni.

Kwenye rimoti, nenda kwenye menyu ya ukubwa wa picha, palepale panapoandikwa 16:9 au zoom. Jina la unalolitafuta linatofautiana. LG wanaliita Just Scan. Samsung wanaliita Screen Fit au Fit to Screen. Sharp wanaliita Dot by Dot. Sony wana Full Pixel chini ya eneo la kuonyesha. Nyingine zinaandika 1:1. Majina ni mengi, kazi ni moja: usikate, usivute. Naibadilisha sasa. Mmeona? Saa imerudi yote. Na walioketi mbele watazame herufi za jina la faili lile la kushoto juu: kijivu kilichokuwa kimezizunguka kimeondoka. Waya ni uleule.

Kuna pia tatizo la kinyume. Baadhi ya kadi za picha, hasa za kampuni ya AMD kwa miaka mingi, zilizoea kuibana picha zenyewe zikiona televisheni upande wa pili wa HDMI. Zilitarajia kingo zikatwe, zikajihami mapema. Kwenye televisheni isiyokata, matokeo ni ukanda mweusi kuzunguka picha pande zote nne. Dawa ni kitelezi kilekile, kirudi kwenye sifuri.

Televisheni zenye kioo cha 1366 kwa 768 zina shida yao, na ni vizuri wenye nazo waijue mapema wasijilaumu. Nyingi hazikubali kupokea idadi hiyo kwa HDMI. Zinakubali 1280 kwa 720 au 1920 kwa 1080, viwango vya matangazo, kisha zenyewe zinageuza picha iingie kwenye kioo chao. Yaani kwa HDMI hazikupi pikseli kwa pikseli, hata ufanyeje. Lakini ikiwa televisheni hiyo ina tundu la VGA, lile la pini 15, jaribu huko: nyingi zinapokea 1360 kwa 768, ambayo inakaribia kabisa idadi ya kioo. Ni mara chache sana teknolojia ya mwaka 1987 inaishinda ya kisasa, lakini hapa inaweza kuishinda.

Ukitumia VGA, kumbuka kwamba humo picha haisafiri kama tarakimu. Inasafiri kama mawimbi ya umeme, na televisheni inakisia pikseli moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Ikikisia vibaya, herufi zinatetemeka au zinapata mistari ya wima yenye ukungu. Kwenye menyu kuna kurekebisha kiotomatiki, Auto Adjust. Kibonyeze ukiwa umefungua ukurasa mweupe wenye maandishi mengi, si picha nyeusi, ili televisheni iwe na kingo za kupimia. Ukiona kila herufi ina kivuli upande wa kulia, hapo waya ndio wenye kosa: ni mrefu mno au haukukingwa vizuri.

Ndiyo sababu nasema waya wa HDMI unasingiziwa mno. Kwa HDMI picha inasafiri kama tarakimu. Tarakimu zikifika, zimefika kama zilivyo. Zisipofika, unaona vinukta vinavyometameta, picha inazima na kuwaka, au hupati picha kabisa. Waya mbovu wa HDMI hauwezi kuzitia herufi ukungu wala kuzipausha rangi. Anayekuuzia waya uliopakwa dhahabu akikuahidi herufi kali zaidi, anakuuzia kitu ambacho waya hauna uwezo wa kukitoa. Waya unahusika kwenye kiasi cha data tu, na hilo nitalifikia nikizungumzia 4K.

Tumemaliza ukubwa. Sasa picha inakaa pikseli kwa pikseli, lakini bado herufi zina kitu kisichopendeza: mstari mweupe mwembamba unaozizunguka, kama zimechorwa mara mbili. Hiyo ni kazi ya kipengele kinachoitwa Sharpness, ukali wa picha. Kwa filamu iliyofifia, televisheni inatafuta kingo na kuziongezea weupe upande mmoja na weusi upande mwingine, jicho lidanganyike kwamba kuna ukali. Herufi za kompyuta tayari zina kingo kamili, hazihitaji nyongeza. Watu wakiona ukungu wanapandisha ukali hadi mwisho, na mambo yanazidi kuharibika. Kishusheni. Kwenye televisheni nyingi sifuri ndiyo mahali ambapo hakuna kinachoongezwa. Kwenye nyingine ni katikati, na ukishuka chini ya hapo picha inalainishwa. Namna ya kujua ni kuweka herufi nyeusi kwenye ukurasa wa kijivu, ukae karibu, na kushuka hatua kwa hatua hadi ule mstari mweupe upotee, kisha usimame hapo. Zimeni pia kupunguza chembe, kulainisha mwendo, na kontrasti inayobadilika yenyewe. Zote hizo zimetengenezwa kwa ajili ya filamu.

Rangi nazo zina ukungu wake, na huu ni mgumu kuutambua kwa sababu maandishi meusi yanaonekana safi huku maandishi mekundu yakiwa yamevurugika. Televisheni na filamu zimezoea kubana rangi. Mwangaza unatunzwa kwa kila pikseli, lakini rangi inagawanywa: katika mfumo unaoandikwa 4:2:0, pikseli 4 zilizo pamoja zinatumia rangi moja. Jicho la binadamu ni kali kwa mwangaza kuliko kwa rangi, kwa hiyo kwenye filamu hutaona tofauti. Lakini andika neno jekundu kwenye ukurasa wa bluu, uone. Televisheni nyingi zinafanya mbano huu ndani yake hata kama kompyuta imetuma rangi zote kamili, mpaka uziambie kwamba kilichochomekwa ni kompyuta. Kwenye LG unabadilisha alama ya tundu lile la HDMI iwe ya PC. Kwenye Samsung unahariri aina au jina la kifaa liwe PC. Kwenye Sony unachagua hali ya picha ya Graphics. Kwa maoni yangu hii ndiyo hatua inayopuuzwa kuliko zote, na inastahili kufanywa mapema, kwa sababu kwenye televisheni nyingi hatua hii peke yake inazima ukataji wa kingo na nyongeza nyingine nyingi kwa pamoja.

Kupauka ni jambo jingine. Kompyuta huhesabu mwangaza kuanzia 0 hadi 255: sifuri ni nyeusi, 255 ni nyeupe. Ulimwengu wa video unaanza nyeusi kwenye 16 na kuishia nyeupe kwenye 235. Kompyuta ikituma kwa hesabu ya video na televisheni ikasoma kwa hesabu ya kompyuta, nyeusi inakuwa kijivu na picha nzima inaonekana kama imefunikwa na vumbi. Ikiwa kinyume chake, giza linameza kila kitu: nywele nyeusi na koti jeusi vinakuwa kitu kimoja. Msiguse mwangaza wala kontrasti kutibu hili, hamtafika. Fanyeni kompyuta na televisheni zikubaliane. Kwenye programu ya kadi ya picha kuna kipengele cha upeo wa rangi, Full au Limited. Kwenye televisheni kipengele hicho kinaweza kuitwa Black Level au HDMI Range. Na kama rangi zilipauka ghafla baada ya kuwasha HDR, ile hali ya mwangaza mpana zaidi, kwenye Windows, izimeni kwanza kabla ya kutafuta pengine.

Nirudi kwenye 4K. Mtu ananunua televisheni ya 4K, anachomeka laptopu, mshale wa kipanya unaburuta kana kwamba kompyuta imechoka. Kompyuta haijachoka. HDMI 1.4 ya mwaka 2009 inabeba picha ya 4K mara 30 tu kwa sekunde. HDMI 2.0, iliyotoka mwaka 2013, ndiyo inayofika 60. Kwa hiyo angalieni mnyororo wote: tundu la laptopu, adapta ya USB-C kama ipo, waya, na tundu la televisheni. Mmoja akiwa wa zamani, wote wanashuka. Adapta za bei rahisi zinaishia 30 mara nyingi, na hapa ndipo waya nao una neno: tafuteni ulioandikwa Premium High Speed. Halafu kuna televisheni ambazo tundu lake lina uwezo lakini limefungwa kiwandani hadi uliwashe kwenye menyu. Kipengele hicho Samsung wanakiita Input Signal Plus, LG wanakiita HDMI Deep Colour, Sony wanakiita Enhanced Format.

Na kama huna namna ya kupata 60, bora ushushe kompyuta hadi 1920 kwa 1080 kwa mara 60. 3840 ni mara mbili kamili ya 1920, kwa hiyo pikseli moja inakuwa mraba wa pikseli 4, na ukungu ni mdogo kuliko kwa idadi nyingine yoyote ya katikati.

Kutuma picha bila waya nitalipitia haraka. Picha inabanwa, inarushwa, inafunguliwa. Kwa kuonyesha picha za likizo inatosha. Kwa kusoma na kuandika, tumieni waya.

Limebaki swali ambalo ndugu mmoja ameniandikia kwenye karatasi: amefanya yote, na bado akikaa mezani mbele ya televisheni ya inchi 40 anaona herufi zina meno. Ndugu yangu, hapo hakuna aliyeigusa picha. Televisheni ya inchi 40 ya Full HD ina pikseli zenye upana wa milimita 0.46 hivi. Skrini ya kompyuta ya inchi 24 yenye pikseli zilezile 1920, kila moja ina milimita 0.28. Unaziona pikseli zenyewe. Jicho zima linaacha kuzitenganisha ukikaa mita 1.6 hivi, kwa hiyo sogea nyuma, kisha uzikuze herufi kwenye Windows hadi asilimia 125 au 150. Usizikuze kwa kupunguza idadi ya pikseli, tafadhali. Huko ndiko kurudi tulikoanzia. Fungua pia ClearType, chombo cha kunyoosha herufi kilichomo ndani ya Windows, uchague mfano wa herufi unaokuridhisha ukiwa umeketi mahali pako pa kawaida, kwa sababu vioo vya baadhi ya televisheni vimepanga rangi nyekundu, kijani na bluu kwa mpangilio tofauti na skrini za kompyuta, na Windows haiwezi kulijua hilo bila kuambiwa.

Nimeweka meza pale kando, na televisheni mbili zimeshawashwa. Mliokuja na laptopu zenu, njooni nazo pamoja na waya mnaoutumia nyumbani, tuanze kwa kubonyeza Windows na P.